Upande wa Nasibu

Nikianza kwa kusema sikukusudia, utaniona kama mwizi wa kuku anayeapa kabla hajaulizwa. Basi acha nianze na kompyuta.

Niliinunua mwaka 2000, baada ya kiwanda kupata mwekezaji na mwekezaji kupata sababu ya kutupunguza. Miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa ghala. Kiinua mgongo changu kilitosha kompyuta moja iliyokwishatumika, printa, na chumba cha mbele pale Mwembesongo, nikaandika ukutani kwa rangi nyekundu: HAMZA STATIONERY. Wenzangu walinunua mashine za kusaga, wengine wakaongeza mke. Mimi nilikaa nachapa barua za watu walioomba kazi zisizokuwepo, na riziki ikawa inapatikana.

Nasibu ni binamu yangu, mtoto wa Shangazi Mwanahawa, dada yake baba. Alikuwa anasoma kompyuta chuoni hapo mjini na alilala kwangu. Chuoni kwao wanafunzi thelathini waligombea mashine tano, na somo lao lilitaka mfumo unaoitwa Linux, si huu wa Windows niliokuwa natumia mimi kuchapia barua.

"Kaka, diski yako ina gigabaiti nne na unatumia moja," aliniambia siku moja. "Zilizobaki zimelala tu kama shamba la serikali. Nigaie upande mmoja."

"Ukiiharibu utachapa barua kwa mkono maisha yako yote."

"Haiharibiki. Inagawanywa tu, kama shamba. Tunaweka mpaka katikati. Huku unalima wewe, huku nalima mimi, na wa huku haoni cha kule."

Jumapili moja akaja na disketi na sidii, akaigawa. Kweli haikuharibika. Ila tangu siku hiyo, kila nilipoiwasha, kompyuta iliuliza kwanza: Windows au Linux? Usipojibu ndani ya sekunde tano, inajichagulia yenyewe. Na yeye Nasibu aliipanga ijichagulie upande wake.

Nikamwambia, "Nyumba yangu, umeme wangu, kompyuta yangu, halafu ikiamka inakuita wewe?"

Akacheka mpaka akashika tumbo. "Si ndivyo tulivyo Waluguru? Mali ya mjomba ni ya mpwa."

Sisi mabinamu ni watani, na utani huo ulikuwa halali yake. Nami nilicheka.

Asiyetujua nimweleze. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ardhi ya Kinole, ambako baba yangu Mzee Mwinshehe alizaliwa na alikuwa mkubwa wa ukoo, ni yake na dada zake na watoto wa dada zake. Mimi mwanawe ninaweza kulima akiwa hai. Siku anayozikwa nabeba jembe langu naondoka. Ardhi yangu iko Mkuyuni kwa wajomba zangu, ambao nikipita wananijua kwa jina tu. Silalamiki. Au nalalamika, kwa nini nifiche? Mdalasini wa lile shamba la baba juu ya kijito niliupanda kwa mikono hii. Migomba pia, na pilipili manga iliyopanda juu ya miti. Tangu nina miaka kumi nimelima pale na baba, na hata nilipoajiriwa kiwandani kila Jumamosi nilipanda mlima. Nasibu amekulia mjini. Mwonyeshe mdalasini na mpera, ataomba apewe muda afikirie.

Mwaka 2001 ikavuma kwamba sheria mpya ya ardhi imefika, na kwamba maofisa watapita vijijini kuandika kila shamba na mwenyewe. Watu wa Dar walikwishaanza kuonekana Kinole wakiulizia bei. Vijiji vya jirani, watoto wa kiume walikuwa wanakwenda ofisini kimyakimya na kurudi na mashamba ya baba zao mfukoni. Koo ziliingiwa na hofu. Wa kwetu walitegemea kichwa cha baba, kwa kuwa humo ndimo ilimokuwa hesabu nzima: shamba gani la ukoo, lipi aliazimwa nani, mwaka gani, nani alikuwa shahidi, mpaka uko kwenye jiwe lipi, kaburi la nani liko chini ya mti gani. Wengine walijua vipande tu, na vipande vyao viligombana.

Mwaka huo huo moyo wa baba ukaanza kuchoka. Miguu ikavimba, akashuka mjini kutibiwa, akakaa kwangu. Hapo ndipo alipoamua mambo yale yaandikwe. Si na mimi niliyekuwa na duka la kuandika, bali na Nasibu.

Ijumaa kumi na moja, baada ya swala, walijifungia dukani kwangu na pazia likashushwa. Mimi nilikaa kizingitini nauza bahasha. Nilisikia sauti ya baba ikinong'ona Kiluguru cha mlimani, halafu vidole vya Nasibu kwenye kibodi, halafu baba tena. Siku moja niliingia kuchukua karatasi. Baba alikata neno katikati, akaanza kuzungumzia mvua.

Mke wangu Asia, mtu wa Kondoa, aliona kichekesho. "Baba yako anaogopa tutamlia mawe yake ya mpaka."

Mimi sikucheka. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, nina watoto wanne, na baba yangu mzazi ananizungumzia mvua.

Ijumaa ya mwisho niliwapelekea chai. Nasibu alikuwa anamuuliza kama achape kwenye karatasi. Baba akakataa. Karatasi, alisema, husomwa na kila mwenye macho. Akifa ndipo ichapwe, isomwe siku ya arobaini mbele ya ukoo. Kisha akauliza, "Na humo ndani je?"

"Humu bila neno langu la siri hafungui mtu, mjomba."

"Hata mwenye duka?"

"Hata Hamza."

Baba akaipapasa ile kompyuta mgongoni kama mtu anayemsifu mbuzi wake. Nami nimesimama mlangoni na birika. Niliiweka chai chini nikatoka, na nadhani hawakujua hata kama niliingia.

Mwanzoni mwa 2002 Nasibu alipata kazi Kisaki, kwenye kambi moja ya watalii, kushika redio na kutunza kumbukumbu. Akapanda treni. Nilimwona akitia disketi kwenye mfuko wa shati, na kwa kuwa nilikuwa najua wameandika mambo ya ukoo, nilidhani ndiyo hiyo, ameondoka nayo. Kisaki siku hizo haikuwa na simu. Barua ilikwenda wiki mbili, na majibu yake wiki mbili nyingine kama Mungu akipenda.

Mwezi wa tano nikapata kazi kubwa: kuchapa mitihani ya majaribio ya shule kadhaa za sekondari, yenye michoro ya mioyo na maini na mizizi ya mimea. Upande wangu wa diski ukajaa. Mashine ikawa inakwama kila saa, nami kazi inatakiwa Jumatatu. Na huku upande wa Nasibu umekaa tu, gigabaiti mbili na nusu, hauna mlimaji.

Nafasi ilikuwa sababu, lakini haikuwa sababu yote. Zile sekunde tano zilikuwa zinanikera. Nawasha kompyuta, mteja ananisalimu, namgeukia nimjibu, nikirudi nakuta skrini nyeusi inaniuliza jina la Nasibu na neno la siri la Nasibu. Nazima, nawasha upya. Kila siku iendayo kwa Mungu. Ni kitu kidogo, kama mchanga kwenye wali, lakini jaribu kula wali huo miezi minne.

Hata hivyo niliuliza. Hili nalisema kwa yeyote atakayesikiliza: niliuliza.

Ilikuwa asubuhi, baba anakunywa uji uani. Asia alikuwa anaosha vyombo karibu yetu, na jirani yetu Laurenti, Mpogoro aliyekuwa fundi mitambo kule kiwandani, alikuwa amepita kumjulia hali mzee.

"Baba," nikamwambia, "ule upande wa Nasibu kwenye kompyuta nataka kuuondoa, nipate nafasi ya kazi. Kuna kitu chako mle?"

Baba alilishusha bakuli. Akamtazama Laurenti, akamtazama Asia, mwisho akanitazama mimi.

"Hakuna kitu."

"Nikiuondoa hautarudi tena."

"Nimekwambia hakuna kitu changu mle," akasema, na akamwomba Asia amwongezee sukari.

Leo namwelewa, na kumwelewa hakunisaidii. Maisha yake yote baba alilinda vitu vya ukoo kwa kuvikana. Mtoza kodi akiuliza mbuzi, hakuna mbuzi. Mgeni akiuliza makaburi, hayajui. Na ukishakikana kitu, kinabaki palepale kilipo, kwenye udongo au kwenye kichwa, salama, kinakusubiri. Hakuwahi kukutana na kitu ambacho ukikikana kinakufa. Na mimi niliyekijua kitu cha namna hiyo, nilimuuliza mzee wa Kiluguru siri ya ukoo wake mbele ya mke wa Kikondoa na fundi wa Kipogoro, kana kwamba namuuliza kama ameshiba. Sikuwa nimekulia mjini, mimi. Nilijua. Nilisahau kwa sababu nilikuwa nataka jibu lile.

Jioni ile nilijaribu kwanza kufungua upande wa Nasibu. Nikaandika jina la mama yake, halafu jina la timu yake, halafu mwaka wake wa kuzaliwa. Ukanikataa mara zote tatu. Hasira ikanipanda. Nikatia disketi, nikaita orodha ya vipande vya diski, nikachagua kile. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza herufi ya ndiyo.

Nilipoiwasha upya, skrini ikaandika herufi mbili, L na I, ikanyamaza. Haikwenda mbele wala nyuma. Nikakimbia kwa Kasimiri, aliyekuwa na duka la kutengeneza kompyuta mtaa wa pili, akaniandikia amri moja kwenye kipande cha boksi. Lile swali la asubuhi, alinieleza, lilikuwa limehifadhiwa upande wa Nasibu. Nimeondoa upande, sasa mashine inamtafuta wa kuuliza haimwoni. Nikarudi, nikaandika ile amri, ikawaka. Nikaupanga upya ule upande mtupu, nikamwagia mitihani yangu.

Tangu siku ile kompyuta iliamka na kuja moja kwa moja kwangu. Nilifurahi. Nakiri hilo pia.

Baba alifariki mwezi wa saba, mchana, amelala kwa ubavu wa kulia kama aliyejipumzisha. Tulimpandisha Kinole, akazikwa kwenye makaburi ya ukoo, juu kidogo ya lile shamba. Nasibu, aliyesikia tangazo la kifo redioni, alifika kesho yake, vumbi la treni bado kwenye nyusi, akalia kama mtoto. Nilimshika. Tulikuwa bado ndugu.

Siku ya tatu matanga yalipoanuliwa, akanivuta pembeni. "Kaka, twende mjini tukaichape ile orodha. Isije ikafika arobaini hatuna kitu mkononi."

"Si uliondoka nayo kwenye disketi?"

"Ile ilisoma mara moja tu, ikafa. Kisaki joto na unyevu. Lakini si iko kwenye kompyuta?"

Njia nzima ya kushuka mlima nilisingizia kichwa kinaniuma. Nilikuwa natafuta namna ya kulisema nikawa silioni.

Dukani alikaa kwenye kiti, akawasha. Windows ikaja. Akadhani amechelewa zile sekunde tano; akazima, akawasha tena, akainama na vidole tayari juu ya kibodi. Windows ikaja. Mara ya tatu hakugusa kitu. Alikaa anatazama mpaka ilipomaliza kufunguka.

"Hamza, upande wangu uko wapi?"

"Niliuondoa. Nilihitaji nafasi. Nilimuuliza mzee kama kuna kitu chake, akaniambia hakuna."

"Ulimuuliza wewe?" Hakusema kwa dharau. Alikuwa anashangaa tu. "Angekwambiaje wewe?"

Lile neno liliniingia mahali ambapo sijapata kulitoa mpaka leo.

Akahangaika siku tatu. Mwalimu wake wa zamani alimwazima programu ya kuokoa vilivyofutwa, na Nasibu akakaa pale mbele ya skrini hata chakula hataki, nami nikafunga duka. Lakini juu ya maneno ya baba mimi nilikuwa nimekwishamwaga mitihani ya shule kadhaa. Vilivyopatikana vilikuwa makombo. Mstari mmoja ulisema: *mpaka wa juu unaanzia kwenye* halafu alama zisizosomeka, halafu *Taja kazi tatu za ini*. Tulitafuta jiwe tukapata ini. Siku nyingine tungecheka.

"Wewe ndiye uliyeandika," nikamwambia. "Hukumbuki hata kidogo?"

"Nilikuwa naandika, kaka. Sikuwa nasikiliza." Akaufunika uso kwa viganja. "Mistari zaidi ya mia tatu. Mimi hata nikipelekwa kwenye hayo mashamba sijui lipi ni lipi. Nilijua yako humu, basi sikuyabeba kichwani."

Alipoinuka kuondoka alisema maji yakimwagika hayazoleki. Hakunitania kwa lolote. Ndipo nilipojua kwamba utani wetu umekwisha.

Arobaini ikafika. Kisomo kikasomwa, pilau ikaliwa, wageni wakaaga. Wakabaki wa ukoo, wamekaa kwenye mikeka uani kwa Shangazi Mwanahawa. Mimi si wa ukoo, lakini Mzee Kondo, mdogo wake baba aliyekabidhiwa nafasi yake, aliniashiria nikae. Nadhani walikuwa na sababu ya kutaka niwepo. Wakati ule sikuijua, nikafurahi tu kuitwa.

Kondo akamwambia Nasibu asome. Nasibu akasimama, mikono mitupu, akaeleza. Hakunisema vibaya. Alieleza kama ilivyokuwa, diski, upande, nafasi, mitihani. Hata hivyo wale wazee hawakusikia habari za diski. Walisikia kwamba orodha ya ukoo ilikuwa kwenye nyumba ya mtoto wa kiume wa marehemu, na mtoto huyo ameifuta wiki sita kabla baba yake hajafa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Mzee Kondo, hakumtazama mtu.

Nikasimama. "Nilimuuliza baba. Aliniambia hakuna kitu chake mle."

"Kaka yangu alisema hakuna kitu?" Kondo akauliza. "Yeye aliyekaa Ijumaa kumi na moja akisema?"

"Alisema, baba mdogo. Wallahi alisema. Asia alisikia, na jirani alisikia."

"Kwa hiyo mashahidi wako ni mkeo na jirani."

Nikaapa tena. Nikaapa kwa kaburi. Nikaona kila kiapo kinavyoniongezea hatia, kama mtu anayejipangusa tope kwa mkono wenye tope. Walikwisha kuona vijiji vya jirani watoto wa kiume wakinyakua mashamba kwa mihuri. Mimi kwao nilikuwa yuleyule, ila nimetumia mashine. Shangazi Mwanahawa alikuwa amekaa mwisho wa mkeka. Alinitazama muda mrefu, kisha akaanza kukusanya vikombe.

Mwezi wa tisa maofisa walipanda Kinole, wawili na mwenyekiti wa kijiji, na futi ya kupimia na daftari kubwa. Walikwenda shamba kwa shamba. Kila walipouliza shamba ni la nani, aliyekuwa analima alijibu, "Langu." Watu ambao babu zao waliazimwa kwa mdomo, wakaishi na ukoo miaka hamsini kwa heshima, walisema langu. Mzee Kondo alikuwa anawafuata nyuma na fimbo yake. "Hilo letu," anasema. Ofisa anamuuliza mpaka unaanzia wapi, shahidi nani, mwaka gani. Kondo ananyoosha fimbo kwenye kijito, mlimaji anaonyesha kijito kingine, ofisa anaandika jina la mlimaji. Siku ya kwanza yalikwenda mashamba tisa. Siku ya pili Kondo alichoka mapema.

Mimi nilikuwa nimepanda kwa jambo moja. Walipofika kwenye shamba la baba nilikuwa nimesimama katikati ya migomba nawasubiri, nimevaa shati la Ijumaa.

"Hili la nani?"

"La ukoo," nikasema. "Ukoo wa mama yake baba yangu. Mimi nililima tu."

"Nani mwakilishi? Orodha ya mashamba ya ukoo iko wapi?"

"Mwakilishi ni Mzee Kondo. Orodha ilipotea. Lakini mipaka ya hili naijua."

Nikawapitisha. Nikawaonyesha jiwe lenye ufa, mdalasini wa kwanza, mahali kijito kinapopinda, kisiki cha mfenesi uliokatwa mwaka wa njaa. Sikukosea hata hatua moja. Nilikuwa najitahidi niwape ushahidi ambao ukoo hauna, angalau hili moja liandikwe jina lao. Majirani walikuwa wamesimama kando, wale walioandikwa jana yake.

"Huyu ndiye mwenyewe," akasema mmoja. "Analima hapa tangu mtoto. Kila jiwe analijua."

Mwingine akaunga mkono, na wa tatu. Hawakuwa wananipenda. Walijua shamba moja likiandikwa la ukoo, kesho Kondo atapata pa kuanzia kudai mengine.

"Sikilizeni," nikasema, "mimi si wa ukoo huu."

Ofisa alikuwa amechoka, jua limemkalia utosini. Akaniambia yeye haandiki koo, anaandika anayelima, na kwamba katika siku mbili mimi ni mtu wa kwanza kumwona akikataa kupewa. Wakacheka wote. Akaandika: Hamza Mwinshehe. Akanipa karatasi yenye namba. Ningeweza kuichana palepale. Niliikunja nikaitia mfukoni, na mpaka leo sijui kama ni kwa sababu nilikuwa nimeduwaa, au kwa sababu mkono ulijua unachokitaka kabla yangu mimi.

Nikateremka moja kwa moja kwa Shangazi. Alikuwa uani anaanika pilipili manga kwenye mkeka.

"Shikamoo, Shangazi."

Alisambaza pilipili mpaka mwisho wa mkeka ndipo akaitika. "Marahaba."

Nikapiga magoti, nikaiweka karatasi mbele yake. "Wameandika jina langu. Nilikataa, hawakunisikia. Nimekuletea wewe."

Hakuigusa. Alijifuta mikono kwenye kanga, akakaa kwenye kigoda.

"Mwaka jana," akasema, "kabla hajashuka kwenye matibabu, kaka alitukusanya hapa. Alituomba jambo. Alisema, mwanangu Hamza amelima shamba lile miaka thelathini, nikifa msimfukuze, muachieni, yeye na watoto wake. Tulibishana siku mbili. Kondo alikubali mapema. Mimi ndiye niliyekataa mpaka mwisho. Nilimwambia kaka, tukianza hivi tutakwisha. Akanisihi mpaka nikaona haya, nikakubali. Nasibu aliliandika, nafikiri ndilo alilolitanguliza. Lilikuwa lisomwe siku ya arobaini, usimame mbele ya watu wote, ukabidhiwe."

Niliitazama ile karatasi iliyokuwa chini kati yetu.

"Mbona hakuniambia?"

"La ukoo hutolewa na ukoo. Angekuambia chumbani peke yenu, lingekuwa limeibwa."

"Shangazi, wewe unaniamini? Kwamba nilimuuliza?"

Alifikiri kweli. Nilimwona anavyojitahidi, maana alinilea huyu mama, alinibeba mgongoni.

"Ningekuamini," akasema, "kama ungekuja mikono mitupu."

Nikaichukua ile karatasi niichane. Akanizuia kwa mkono. Alisema haifai kitu, jina limekwisha kuingia kwenye daftari lao, na nikiliacha shamba, hao majirani watalila kabla ya masika.

"Lilime," akasema. "Ila makaburi hayo ni yetu. Hilo hata wao hawakuliandika. Usiyaguse, na siku yako ikifika, watoto wako wakuzike kwingine."

Akarudi kwenye pilipili yake.

Nalima kila Jumamosi. Kaburi la baba liko hatua ishirini juu ya migomba, ng'ambo ya jiwe lenye ufa. Nasibu yuko Kisaki, Kondo hawezi tena kupanda, Shangazi magoti yanamsumbua, na masika haya magugu yamelifunika kaburi mpaka kichwani. Mimi hufika na jembe mpaka kwenye jiwe, nikasimama, nikageuka.